Usiguse Uso wa Saa

Bahati, 14 Januari 2024

Mpendwa Hiram,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima. Kama una homa, kunywa vitu vya moto, si hizo juisi za barafu nilizoona kwenye picha. Sisi huku hatujambo. Mahindi tumevuna, ila mvua ya Disemba iliyakuta bado shambani, kwa hiyo nusu tumeyala na nusu tumeyaanika uani kama nguo. Ng'ombe mweusi amezaa dume, tena dume, utadhani tunamwagiza. Baba yako ana gauti, daktari amemkataza nyama, na Jumapili nilimwona kwenye vibanda vya nyama vya Kikopey akiwa amekumbatia mbavu za mbuzi. Mimi magoti yananiuma lakini mdomo uko salama, kama utakavyoona.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu haina adabu, inamkata mtu katikati ya neno. Na WhatsApp ya familia ni soko, ukinong'ona huku baba yako anakujibu kule. Neno hili ni letu wawili. Ni juu ya saa ya baba yangu, guka wako.

Unaijua, ile ya dhahabu inayokaa kwenye mkebe wa sukari chini ya kitanda changu. Sasa kuna mama mmoja Mzungu, Rosalind, mjukuu wa Bwana Thorley, ambaye shamba lake ndilo hili tulilogawana tukalilima. Anakuja Agosti kuona mahali babake alipozaliwa. Aliandikia kanisa, na kanisa likampa baba yako ujumbe huo kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa na anapenda kusoma Kiingereza kwa sauti. Humo mama anauliza, kwa upole sana, kama kuna mtu anayejua habari za saa ya dhahabu ya babu yake, "iliyochukuliwa na nyapara" mwaka walipoondoka. Nyapara ni guka wako, Jamleck Kang'ethe, baba yangu.

Baba yako ameona baraka hapo. Anataka tumkabidhi mama huyo saa mbele ya kanisa, watu wapige makofi, mama alie kidogo, halafu alikumbuke kanisa kwa kulinunulia tangi la maji. Nikamwambia, "Maina, mtu akirudisha kitu amekubali kwamba alikichukua." Akaniambia nina roho ngumu, na kwamba mambo ya zamani yamepita. Kwake yamepita. Yeye alikuwa mtoto wa kubebwa.

Mimi nilikuwepo. Bwana Thorley aliondoka mgonjwa, amebebwa kwenye machela. Mwanawe, ndiye babake Rosalind, alipoikosa saa akaenda polisi. Walimchukua baba yangu zizini, mikono ikiwa bado na maziwa. Wakamweka ndani hadi Uhuru, kisha wakamwachilia bila kesi kwa sababu kila mtu alikuwa na shughuli ya kubadilisha bendera. Saa hawakuipata, mama alikuwa ameizika kwenye pipa la unga. Baba hakuivaa tena hadi anakufa. Na kuna jina walilomwita akishageuza mgongo. Sitaliandika hapa. Nililisikia kisimani, nikiwa na sare ya shule, kutoka kwa Wamuyu, ambaye Mungu amemweka hai na bado anakaa kiti cha mbele kanisani.

Lakini ushahidi upo, tena ndani ya kifuniko, umegongwa kwenye dhahabu yenyewe. Baba yako aliuhubiri hata kwenye mazishi ya guka. Kuna J.K., yaani Jamleck Kang'ethe. Kuna 18, miaka aliyomfanyia Bwana kazi. Kuna taji, kwa sababu Bwana alikuwa mtu wa mfalme, na nanga, kwa sababu alikuja na meli. Nani huandika jina la mtu kwenye kitu ambacho hajampa?

Na walipendana, hao wawili, tangu ile siku ng'ombe walilia. Bwana alikuwa bado mgeni wa Kiswahili, akamwamuru guka ng'ombe wakamuliwe saa nne, akidhani ametaja alfajiri. Jua lilipopanda ng'ombe wakalia, viwele vimejaa, hadi Solai wakasikika. Bwana akaja mbio na pajama zake, akamkuta guka ameketi kwenye ndoo anangoja. "Bwana," guka akamwambia, "ulisema saa nne. Hii ni saa mbili."

Nimempa Lynn wa jirani, anayerudi kazini huko Uingereza, hiyo saa ikiwa ndani ya soksi ya marehemu mume wangu, soksi ikiwa ndani ya majani ya chai. Ipeleke kwa fundi wa saa wa hukohuko, aandike kwa mkono wake kwamba herufi hizo ni za Jamleck Kang'ethe. Rosalind hataniamini mimi, lakini watu wa kwao atawaamini.

Na utaoa lini? Hilo si neno la siri, unaweza kulijibu hata kwa simu.

Ni mimi Tata wako, dada ya baba yako kwa bahati mbaya yake,
Wamaitha


Coventry, 3 Machi 2024

Kwako Tata,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Mimi sijambo. Huku kunanyesha. Ilinyesha wiki jana, na wiki ile nyingine, lakini si mvua ya kuotesha kitu, ni ya kuudhi tu. Kazini ni salama. Wazee ninaowatunza wananipenda, hasa mmoja anayeniita Harold. Nimeacha kumsahihisha, maana Harold hupewa biskuti. Mwambie baba aachane na mbavu.

Lynn alinifikishia soksi. Sikuifungua, Tata. Niliibeba hivyohivyo hadi kwa fundi mmoja mzee, Bwana Pargeter. Kumbe nimekuwa nikiishi ndani ya habari za saa bila kujua. Mji huu ulikuwa mji wa saa. Mtaa ninaopanga una nyumba zenye madirisha makubwa mno ghorofani, na nilidhani ni ufahari. Pargeter akaniambia ni kwa sababu mafundi walitaka mwanga. Nyumba hii ilichonga magurudumu, ile ikatengeneza mikono ya saa, nyingine makasha, nyingine ikapaka uso wa saa na namba zake. Saa moja ilitembea mtaa mzima kabla ya kujua kusema saa. Chumba changu kina dirisha la namna hiyo, ndiyo maana nalala na kofia.

Fundi aliifungua akaikagua kama daktari. Akasema ni dhahabu ya kweli, na kazi iliyofanywa ndani ni ya watu walioheshimu macho yao. Ilikuwa imekwama kwa sababu ya vumbi jeupe kwenye magurudumu. Akaniuliza ni vumbi la nini. Nilikumbuka pipa la unga la mama yako, cucu wangu, nikamwambia ni hali ya hewa ya kwetu.

Kuhusu herufi, fundi bado anachunguza.

Kuhusu kuoa, mvua imeanza tena, nakimbia kuanua nguo.

Wako,
Hiram


Bahati, 7 Aprili 2024

Hiram,

Salamu zako zimefika. Hatujambo wote, isipokuwa baba yako amenunua suti. Ya rangi ya maziwa. Anasema ni ya kupokea wageni.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali umejibu nilichouliza. Mvua umeiandikia aya nzima, madirisha aya nzima, biskuti za Harold nazo zikapata nafasi. Herufi zikapata mstari mmoja. Guka wako alikuwa hivyohivyo. Ndama akifa, angekuja nyumbani akaanza kusifu nyasi.

"Fundi bado anachunguza." Anachunguza nini? J ni J, K ni K. Hata Chelangat wa dukani, ambaye aliacha shule kabla ya kuifikia hesabu ya kugawanya, amezisoma herufi hizo.

Rosalind ameandika tena. Baba yako alinisomea akiwa amesimama, kama tangazo la redio. Mama anasema anafurahi sana, kwamba Kiswahili alikisikia utotoni kwa babu yake na hajakisahau, kwa hiyo nisisumbuke na Kiingereza, nimwandikie kwa Kiswahili. Nitafanya hivyo. Baba yako tayari amewaambia wazee siku ya kukabidhi. Amewaambia, Hiram, kabla ya kuniambia mimi. Wamuyu alikuja hapa kunipongeza. Alinishika mkono akasema ni vizuri kitu kikirudi kwa mwenyewe. Niliukamata ule mwiko wa ugali nikauweka chini polepole.

Niambie fundi amesema nini. Mimi si mtoto, na nimeshamzika mume.

Tata


Coventry, 12 Mei 2024

Kwako Tata,

Shikamoo. Natumaini mmepanda na mbegu zimeota. Huku maua yametoka na watu wameanza kutembea na kaptura, ingawa baridi ni ileile.

Herufi si za guka.

Nilijua tangu siku ile ya kwanza, nikakuandikia mvua. J.K. ni muhuri wa fundi wa makasha, Joseph Kirkby, aliyekuwa akiishi mtaa wa pili kutoka ninapolala. Kila kasha lililotoka mikononi mwake lina herufi hizo. Saa ilitengenezwa guka hajazaliwa. Taji na 18 ni kiwango cha dhahabu. Nanga ni alama ya ofisi iliyoipima dhahabu hiyo, na ofisi iko Birmingham, mji ambao hauna bahari hata ya kuogesha bata. Pargeter yuko tayari kuandika haya yote kwa mkono wake, lakini nadhani huyataki.

Samahani, Tata. Nilimuuliza kwa njia zote ninazozijua kama kuna uwezekano. Alinionyesha saa nyingine tatu zenye J.K. Mimi nililia kidogo mle dukani, na yeye, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta bisibisi.

Lakini nina habari njema ya kukuliwaza. Saa inatembea. Mlio wake ni mtamu, kama mtu anayetafuna karanga mbali. Kuna kasoro moja tu. Fundi anasema uso wake si wa kwanza, uliwekwa baadaye sana, kazi ya mikono ya hukuhuku Uingereza, lakini aliyeupaka alikuwa amelewa. Namba zimekaa kichwa chini. Sita iko juu na kumi na mbili iko chini, hadi kile kiduara cha sekunde kimemeza nusu ya kumi na mbili. Wala si kwamba uso umefungwa vibaya, maana jina la duka limeandikwa wima kabisa. Anasema katika maisha yake yote hajaona kosa la aibu kama hilo.

Kwa hiyo nimemwambia aung'oe aweke uso mwingine wa zamani ulio sahihi. Ameuagiza. Angalau ikirudi iwe saa ya heshima, hata kama atapewa huyo mama.

Wako,
Hiram


Bahati, 9 Juni 2024

Hiram, Hiram,

Sina salamu leo. Kila mtu yuko hai.

Najua nilikupigia simu Jumatano. Nilisoma barua yako pale posta, nikasimama katikati ya mstari huo wa uso, nikakimbia na magoti haya hadi kwa Chelangat, nikamnyang'anya simu yake. Nikakwambia, "Usiguse uso! Nasema usiguse uso!" Ukaanza kucheka, ukaniambia, "Sawa Tata, nimekuelewa, sitaugusa," halafu simu ikakatika. Sasa huo utiifu wa haraka umeniogopesha kuliko ubishi. Kwa hiyo naandika, na barua hii naituma kwa njia ya haraka, ile ambayo baba yako hutumia kutuma picha zake.

Hakuna mlevi aliyepaka uso ule. Hebu keti ufikiri kama mtu aliyezaliwa Bahati. Jua likichomoza ni saa ngapi? Ni saa kumi na mbili. Mkono mfupi wa saa ya Mzungu wakati huo uko wapi? Uko chini. Na chini, kwenye saa ya baba yangu, pameandikwa ngapi?

Ni saa ya Kiswahili, mtoto wangu. Nimeisoma hivyo tangu nijue kusoma. Sikuwahi kukueleza kwa sababu nani humweleza mtu kwamba mbuzi ana miguu minne? Baba alikuwa akiitoa kwenye mkebe siku za mvua, aifute na shati, aseme, "Mikono yetu ilikaa pamoja, namba kila mtu alikuwa na zake." Nilidhani anaongea juu ya kazi. Kumbe alimaanisha mikono ya saa. Alfajiri, yeye na Bwana walikuwa wakikutana zizini, kila mmoja anatoa ya kwake, wanaziweka sambamba. Mikono ikiwa mahali pamoja, kazi inaanza. Mmoja anasoma kumi, mwingine anasoma nne, ng'ombe hawalii.

Kuhusu J.K. Kwa hiyo miaka hii yote, kila mwaka siku ya kumkumbuka guka, tumekuwa tukimwombea fundi wa Coventry. Sawa. Pengine hakuwa na wa kumwombea. Uliniuma, lakini afadhali ulisema.

Uokoe huo uso. Kama umeshang'olewa, tafuta hata kwenye pipa la taka.

Tata


Coventry, 30 Juni 2024

Kwako Tata,

Shikamoo. Uso upo.

Usinishukuru mimi. Mshukuru Pargeter kwa uvivu. Tangu Mei nimekuwa nikienda dukani kwake, ananiambia uso mpya utafika, rudi wiki ijayo. Nilikuwa nimeanza kumkasirikia, nikasema kumbe fundi wa Uingereza na fundi wa pale stendi ya Nakuru walisomea darasa moja. Nilipofika na barua yako mkononi, alikuwa hajagusa hata skrubu.

Ile simu sikuelewa, kweli. Nilidhani umeona picha yangu ya ndevu ukazipenda. Fancy alikuwa ananisumbua nizinyoe, nikamwambia haiwezekani, Tata amekataza nisiguse uso.

Nilimweleza Pargeter habari ya saa ya Kiswahili. Alikaa chini. Akachukua kioo chake akautazama uso upya, muda mrefu, kisha akasema kwamba aliyeupaka hakuwa mlevi hata kidogo, kila namba imepimwa. Akaomba nimfundishe kuisoma. Sasa hunisalimia kwa kunitajia saa, na hukosea.

Nilipotoka nayo niliketi kwenye kituo cha basi, nikaifungua mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nikaisoma saa tisa na robo bila kufikiri. Basi likapita. Miaka yote hii huku nimekuwa nikihesabu kwa namba zao hata ndotoni, na kile kitu kikanisemesha kama mama akiniita kutoka jikoni. Nililia tena, na safari hii hakukuwa na mtu wa kutafuta bisibisi.

Lakini Rosalind akisema mliibadilisha uso wenyewe? Jitayarishe kwa hilo. Lynn anakuja likizo Julai, atakuletea. Soksi ni ileile.

Wako,
Hiram


Bahati, 25 Agosti 2024

Mpendwa Hiram,

Natumaini u mzima, na ndevu zako pia. Sisi hatujambo. Mahindi yamebeba. Dume tumeliuza. Baba yako anachechemea, na utajua sababu. Kabla ya yote, Fancy ni nani? Umemwingiza katikati ya barua kama mtu anayepitisha kuku kanisani, ukadhani sitaona. Nataka jina lake la pili na mahali anapotoka, barua ijayo, mstari wa kwanza.

Sasa nikwambie ya jana.

Nilimwandikia Rosalind kama alivyotaka, kwa Kiswahili kizuri cha shule: karibu nyumbani Jumamosi saa tano. Saa tano tulikuwa tayari. Mbuzi ameiva, hema limesimama, kwaya imejipanga, baba yako ndani ya suti ya maziwa, hotuba ya kukabidhi mfukoni. Saa yenyewe ilikuwa kwangu, kwenye mkebe, na nilikuwa nimemwambia sitampa mtu mpaka nimeongea. Wamuyu alikuwa amechukua kiti cha mbele, hata kwa boma langu.

Mgeni hakuja. Saa sita hakuja. Saa nane kwaya ikala. Saa tisa baba yako akasema kumtupa mbuzi ni dhambi, akaanza na mbavu. Nilimsikia Wamuyu akimwambia jirani kwamba mama wa watu pengine ameogopa kuja kwa watu wa namna hii. Wa namna hii, Hiram. Nilikaa na mkebe mapajani nikatazama barabara, na nikasikia uchungu uleule wa kisimani, haujapungua hata kidogo.

Saa kumi na moja kamili gari likaingia. Akashuka mama mwembamba, mzee kama mimi, ana maua, anatabasamu, anajivunia. Amelala Elmenteita na asubuhi nzima alikuwa Kariandusi akitazama mawe ya watu wa kale. Akaona sahani tupu. Akaona kwaya imelala kwenye nyasi. Tabasamu likaanza kumwishia.

"Mimi nachelewa?" akasema. "Hapana! Wewe nasema saa tano, mimi nakuja saa tano kabisa. Angalia!" Akanyoosha mkono, saa ndogo, mkono mfupi uko kwenye tano.

Nilikuwa nimetunga maneno tangu Juni, Hiram. Juu ya polisi, juu ya mikono yenye maziwa, juu ya uso ulioagizwa Uingereza. Yote yaliniponyoka. Nikafungua mkebe, nikafungua kifuniko, nikaiweka saa ya baba yangu kando ya mkono wake. Nikamwambia, "Hii ni saa kumi na moja, mama. Saa tano ilikuwa asubuhi."

Akatazama yake. Akatazama yetu. Mikono iko mahali pamoja. Yake inasema tano, yetu inasema kumi na moja. Akatazama tena, hadi nikadhani ameugua. Kisha akacheka, kicheko cha ghafla kama chafya, akasema neno moja: "Ng'ombe!"

Kumbe wanayo! Hadithi ile wanayo kwao, wanaisimulia Krismasi. Ila kwao ni hadithi ya nyapara asiyejua kusoma saa. Nikamwambia kwetu ni ya Mzungu asiyejua kusoma saa. Tulicheka hadi tukashikana mabega, wazee wawili wajinga, na baba yako amesimama na ubavu mkononi hajui kama ni wakati wa hotuba.

Halafu akaacha kucheka. Akageuza saa, akaugusa uso kwa kidole, akafuata namba kutoka sita ya juu hadi kumi na mbili ya chini. Na Kiswahili chake cha jikoni, Hiram, hakina maneno laini. Kwa Kiingereza alikuwa ameandika "iliyochukuliwa". Hapa hakulipata. Akasema, "Baba yangu nasema hii saa naibwa. Nasema mzee yako ni mwizi."

Ndilo hilo jina. Januari sikuliandika. Sasa naliandika, mwizi, kwa sababu alipolitamka watu wote walisikia na lililofuata. Akasema, "Lakini hapana. Hakuna mtu ya sisi naweza soma hii. Babu yangu natengeneza hii kwa yeye. Kwa yeye tu." Akarudia kwa Kiingereza, akilia, na baba yako, ambaye hawezi kuacha Kiingereza kipite bila kukisoma kwa sauti, akakitafsiri kwa boma zima, neno kwa neno, hadi akafika kwa "tu" akajua amejinyima tangi. Hotuba imebaki mfukoni, na mafuta ya mbuzi juu yake.

J.K. baba yako hajaiacha lakini. Amemwonyesha Rosalind na nanga na kila kitu. Nimemwacha. Yule fundi wa Coventry ametutunzia jambo hili muda mrefu, acha naye aombewe.

Leo Rosalind alitaka kuja ibadani. Baba yako, kwa kumrahisishia, akamwambia ni saa kumi, akihesabu Kizungu. Yeye, kwa kuwa sasa ni mjuzi, akahesabu Kiswahili. Ibada imeisha bila yeye. Nimeweka chai kwenye thamosi, atafika jioni.

Kanisani niliivaa. Nilifunga mnyororo kwenye kifungo cha sweta, saa ikakaa hapa kifuani, nje, mahali ambapo baba hakuwahi kuiweka tangu siku ile ya zizini. Nikaketi kiti cha mbele. Mahubiri yakawa marefu, kama kawaida. Katikati nikahisi mtu ananivuta mkono wa sweta. Wamuyu.

"Wamaitha," akanong'ona, "hiyo inasema saa ngapi?"

Nilifungua kifuniko nikamwinamishia. Akasogeza miwani, akasoma mwenyewe bila kuniuliza namba zimekaa vipi, kwa sababu na yeye amezaliwa hapa.

"Sita kasoro," akasema. Mkono wake bado uko kwenye sweta yangu. "Iko sawa."

Tata wako,
Wamaitha Kang'ethe